Waya Uliochubuka

Meno matatu ya mke wangu yamo ndani ya kibiriti,
kwenye droo ya vijiko.
Yote mazima. Yaling'olewa moja moja,
Machi, Mei, kisha Julai theluji ikianguka,
na kila mara maumivu yalifika nyumbani kabla yetu.

Hapa Punta Arenas upepo haupulizi, unasukuma.
Siku kali hufungwa kamba barabarani, watu wajishike.
Eduvina hashiki kamba. Mikono yake yote miwili
imelizingira shavu la kulia
bila kuligusa.

Nami, fundi umeme wa miaka thelathini na mmoja,
nilimwambia: "Ni jino tu. Vumilia."
Nayaandika maneno hayo ili yasinisahau.

Mtaalamu alichora mshipa wa fahamu
wenye matawi matatu: paji, shavu, taya.
Akachora na mshipa wa damu umeuegemea,
unapiga, unapiga, hata ganda likachubuka.
Nikauliza: "Ni shoti?"
Akaweka kalamu chini.
"Ndiyo, mzee. Ni shoti."

Basi nikaelewa. Kuelewa si kutibu.
Nina tepu nyeusi za kuizungushia nyumba nzima,
sina mkono mwembamba wa kufika pale.

Vidonge humpa siku nzuri, humnyang'anya majina:
juzi chumvi iliitwa "ile nyeupe, ya bahari".
Mswaki anauogopa. Supu anainywa kwa mrija, vuguvugu.
Radi yenyewe haipigi hodi: sekunde nane, kumi,
jicho moja linatoa chozi peke yake,
kisha anauliza, kana kwamba hakukupita kitu,
iwapo nimelipa bili ya gesi.

Desturi yetu ni busu la shavuni, mlangoni.
Jumapili dada yake Herminda alivuka mlango-bahari kutoka Porvenir,
akasogeza uso. Eduvina akarudi hatua, akanyoosha mkono.
"Nimemkosea nini?" Herminda aliniuliza jikoni.
Nikafungua droo.

Usiku mimi humbusu kifundo cha mkono,
pale damu inapopiga bila kumdhuru.

Jana upepo ulinyamaza. Alicheka,
akakikata kicheko katikati, akasubiri.
Nami nikasubiri.
Jokofu likanguruma, likazima.
Hakikuja kitu.
"Malizia," nikamwambia.
Akatikisa kichwa polepole, kipimo kwa kipimo:
nusu iliyobaki anaiweka akiba.