Kuchakata

Mchakataji wa kwanza nyumbani kwetu alikuwa baba.
Shamba la mkonge, njia ya Mogotio:
mashine inanguruma kabla jogoo hajamaliza lake,
majani yanaingia na miiba yake,
maji ya kijani yanamwagika mtaroni, yananuka,
na upande wa pili nyuzi, ndefu, nyeupe,
za kuanikwa juani kama nguo za wageni.
Vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vilibaki mle.
Kwa saba vilivyosalia alihesabu
mafungu, siku, deni la unga dukani,
na sijawahi kumwona akikosea.

Mimi nachakata ghorofani, Nakuru,
juu ya duka la mbegu na dawa ya kupe.
Kampuni: watu kumi na mmoja, birika moja,
jenereta inayokohoa kila umeme unapokatika.
Tulikuwa tunaunda mizani za maziwa,
vichakataji tukivinunua ng'ambo,
hadi mwaka ule oda yetu ilipokaa miezi tisa
kisha jibu likaja: subirini,
kuna wateja wakubwa mbele yenu.
Mugure akaisoma barua mara mbili,
akavua miwani.
"Basi tutachora chetu."
Barasa alicheka. Akaona hakuna mwingine anayecheka,
akaenda kutia maji birikani.

Mji huu, wanasema, umeitwa kwa vumbi lake.
Januari linaingia hata kwa tundu la ufunguo.
Hatulilaumu. Chipu ni nini
ila mchanga uliopelekwa shule?
Tukapangusa meza asubuhi, mchana, jioni,
miaka miwili na miezi minne,
tukichora mlango unaofunguka wawili wakikubaliana,
mlango unaofunguka akikubali hata mmoja,
milango mamilioni,
na chini ya yote vidole viwili tu vya kuhesabia:
ipo, haipo.

Tanuri hatuna. Mchoro ukasafiri, ukarudi vipande arobaini,
kila kimoja kama punje ya dengu.
Cha kwanza kimya.
Cha pili kimya, kikatoa moshi.
Cha tatu kikaamka, kikajumlisha moja na moja,
na Nyaboke wa uhasibu, asiyejua hata tunachofanya,
akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa wauza mbegu.

Wakaenda kula nyama. Nikabaki nacho.
Saa nne usiku nikakipa elfu sitini na tano
mia tano thelathini na tano, ongeza moja.
Kikajibu: sifuri.

Andika sifuri, beba moja. Darasa la pili.
Kiliandika. Hakikubeba.
Nikarudi kwenye mchoro, na pale, safu ya kumi na sita,
uzi mmoja haukufika ulikokuwa unaenda.
Herufi za mchoraji pembeni: zangu.

"Hakuna ng'ombe wa kufika huko," alisema Barasa asubuhi.
"Lita ngapi hizo? Tuviuze. Mkopo una tarehe."
Na kweli, ng'ombe wa hivyo hayupo Njoro wala Molo.
Ila mimi nilikuwa nimesimama, umri wa miaka saba,
nyuma ya suruali ya baba, dirishani pa karani wa mkonge,
mwisho wa mwezi, foleni inaguna nyuma yetu,
karani ameandika na hakubeba,
na baba, bila kupandisha sauti:
"Ongeza tena, karani."
"Nimeshaongeza."
"Ongeza tena."

Nikamwambia Mugure. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.
Aliangalia dirishani muda mrefu, kule vumbi linakotokea,
akasema birika limechemka.

Tunachora upya. Mishahara nusu tangu Machi;
wawili wameondoka, Barasa, cha ajabu, yupo.
Vipande thelathini na tisa viko drooni mwangu.
Kimoja nilimpelekea baba.
Alikishika kwa vile viwili vya kushoto, gumba na cha mwisho,
akakigeuza kwenye mwanga, akakigeuza tena,
akauliza,
"Majani yanaingilia wapi?"