Hati ya Makabidhiano

Nimechapa barua zake miaka minane,
leo nachapa ya kumtoa.
Profesa Aikande Mremi, Makamu Mkuu wa Chuo,
anakabidhi ofisi saa nne asubuhi,
na Moshi yote imefunikwa wingu, mlima haupo,
kana kwamba nao umeomba ruhusa.

Gari moja, kilomita laki tatu na ushee.
Mihuri miwili. Kasiki, pamoja na funguo.
Joho jekundu, pindo limeshonwa upya
na fundi wa Kiboriloni, kwa pesa yake mwenyewe.

Mpaka hapo vidole vinakwenda.

Lakini usiku ule bumu lilipochelewa,
niuandike safu ipi?
Wanafunzi wameziba barabara tangu magharibi,
askari wameshashuka kwenye karandinga,
naye akatoka na kandambili, kitenge kimefungwa shaghalabaghala,
akaketi juu ya lami katikati yao,
akauliza, "Nani hajala?"
Mikono ikainuka mingi kuliko alivyodhani.
Nilimwona midomo ikicheza: anahesabu.
Alikuwa mwalimu wa takwimu,
hesabu ndiyo sala yake.
Alfajiri akapanda basi la Dodoma,
akakalia benchi la Hazina siku tatu
hata wahudumu wakaanza kumletea chai.

Na mkandarasi wa bweni la pili, yule wa mbuzi!
Alileta beberu mweupe, shingoni utepe.
Profesa akamwandikia risiti ya chuo,
beberu akaenda jikoni, tukamla Ijumaa, chuo kizima.
Jumatatu ukuta wenye nyufa ukabomolewa.

Watasema alikuwa chuma.
Chuma nacho hutoka jasho:
nimeliona kwenye geti letu, asubuhi za Julai.

Droo ya chini ilikuwa imekwama.
Niliivuta kwa mguu nimeukanyagia meza,
zikamwagika bahasha nne, jina moja:
Lemburis Mollel.
Mwaka wake wa pili kwenye kiti kile
alimfukuza kijana huyu kwa mtihani ulioibwa,
na mwizi, alipokuja kujulikana, alikuwa mwingine.
Barua ya kumwita ikaenda, ikarudi.
Ikaenda. Ikarudi.
Kila bahasha na stempu yake, kila stempu imepanda bei,
na mgongoni mhuri uleule wa posta: Hajulikani.

"Hizo usizichape," alisema nyuma yangu.
Sikujua kama amesimama pale muda wote.
Alikwenda hadi mlangoni, akashika kitasa,
akakaa nacho mkononi.
"Chapa."

Basi nimechapa, chini ya viti na mapazia:
Deni moja. Halijalipwa. Anayepokea alifuatilie.

Saa nne ikafika na mgeni wetu,
kijana bado, viatu vinalia sakafuni.
Alisaini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu,
haraka, kama anayepanda ngazi mbilimbili.
Ukurasa wa nne kalamu ikasita.
"Huyu Mollel ni nani?"

Profesa hakujibu upesi.
Alizunguka meza, akavuta kiti cha wageni,
kile ambacho miaka minane hajakikalia,
akakaa, mkoba mapajani kama mama aliyeitwa shuleni,
akaanza kueleza.

Niliwaletea chai.
Niliporudi kuchukua vikombe
vilikuwa vimejaa, vimepoa.