Kipimo

Karani aliyeniandika umri hakuniuliza.
Alinitazama kama mtu anavyotazama tikiti sokoni,
akasema elfu moja mia tisa arubaini na saba,
akagonga muhuri, akamwita wa nyuma yangu.
Mimi najua tu nilichoambiwa na mama:
nilizaliwa Wete, mwaka paka wa jirani
alipozalia ndani ya sanduku la harusi.

Sasa Daktari Yaarub anauchukua mwaka ule wa karani,
anautia kwenye kompyuta pamoja na kilo zangu,
arubaini na tatu na nusu, viatu nimevua,
pamoja na figo, na damu, na kama naweza
kuinuka kitini bila kushika mkono wa mtu.
Niliinuka. Nikajishaua hata, nikatembea hadi dirishani.
Kwa umri wako, Bi Zeyana, anasema kwa Kiarabu,
tuanze na dozi ndogo. Kamili ni ya vijana.
Binti yangu Shemsa ananigeuzia Kiswahili,
na njiani, baina ya lugha mbili, anaangusha neno "ini".
Nililisikia. Miaka hamsini naishi Khuweir,
nimegombana na wauza samaki kwa Kiarabu hichohicho.
Nimemwachia aliangushe. Na yeye ana mzigo wake.

Dawa haiondoi, inachelewesha.
Sawa. Nani asiyecheleweshwa?
Mimi mwenyewe nilifika nchi hii ya babu
nimechelewa miaka mia na ushei,
na bado nikakuta chai.

Chai ya moto, hiyo ndiyo halali yangu siku hizi,
maana dawa ya mshipa imenigombanisha na baridi.
Mwezi wa saba, nje nyuzi arubaini na sita,
lami inanata, wajukuu wanatafuna barafu,
nami navaa glavu za sufi kufungua friji.
Siku moja nilisahau, nikashika chupa ya maziwa:
sindano mia, kutoka kucha hadi kiwiko.
Muadh akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.
Sasa hunifungulia yeye, hunipashia maji.
Ana miaka saba. Anajiita nesi mkuu.

Na vile vidonge, asubuhi na jioni,
vimenichuna viganja kama kitunguu.
Tulipokwenda kubadili kitambulisho
mashine ilinikataa. Kidole gumba: hakuna.
Cha shahada: hakuna. Vyote kumi vikapita
kama wageni wasioalikwa.
Kijana wa kaunta, kanzu yake inanukia udi,
akafuta kioo, akafuta vidole vyangu, akasema:
Bibi, huna alama.

Mwaka sabini na tano, kwenye meza ya mbao,
nilichovya gumba hili kwenye wino wa zambarau
ili niwe mtu wa hapa. Siku tatu sikunawa vizuri
nisije nikaufuta.

Shemsa alianza kueleza, saratani, tumbo, dawa,
sauti inampanda; nikamfinya.
Nikamwambia kijana: zimekwenda likizo, andika hivyo.
Akaandika kitu. Sijui nini.

Nimemaliza mizunguko minne. Picha inasema
uvimbe umekaa vilevile, haukupungua, haukukua,
na Daktari kafurahi kama mtu aliyeona
maji ya bondeni yakipita bila kuchukua gari lake.
Anauliza: tuongeze kidogo, au tubaki hapa?
Nimeomba hadi Jumapili.

Ijumaa tumepika. Kusimama siwezi, nimewekewa kiti jikoni.
Zamani chumvi niliipima kwa ncha za vidole,
sufuria ya watu mia, sikuonja, sikukosea.
Sasa vidole havihisi, ulimi unaonja bati.
Nimebakiwa na macho, na mvuke.
Shemsa kashika kikopo juu ya mchuzi, ananitazama.
Tia, nasema.
Tia tena.
Tia.
Hapo. Basi.