Sehemu ya Tatu

Nimeitazama peke yangu kwanza,
sauti nimeibana hadi mnong'ono,
daftari gotini kama mkaguzi wa nyama:
damu, kidogo; matusi, mawili;
mkono unaotoka kisimani,
hapo niliacha kuandika.

Nje theluji ya Oulu imepanda hadi dirishani.
Inkeri ana miaka tisa na miezi minne
(miezi huihesabu yeye, si mimi).
Darasani wote wameiona, asema,
hata Tuukka anayelia akikatwa kucha.

Onyo la mwanzo linasema: kumi na miwili.
Nani aliipima hofu kwa rula?
Nilikuwa na saba tulipomzika bibi
na hakuna aliyeniuliza umri.

Nikazima. Nikaenda kunywa maji
nikiwasha kila taa njiani,
hata ya stoo, nami stoo sina la kufanya.

Alikuwa kasimama ukumbini, soksi mguu mmoja.
"Baba, mbwa anakufa?"
"Hafi."
"Na wewe umeogopa?"
Nikalitazama daftari.
"Kidogo."

Akanishika mkono, akazizima taa mojamoja
hadi mlangoni kwangu.
"Basi tutaitazama mchana,
usije ukakosa usingizi."