Maji ya Theluji

Kwenye makazi yetu, safari ya siku nzima kutoka Karaganda,
hapakuwa na kanisa. Palikuwa na mgodi,
na vibanda vya udongo vilivyozama nusu ardhini,
na bibi yangu Apolonia, mkunga,
mwenye sufuria moja ya bati:
ya uji, ya kufulia, ya ubatizo.

Treni ya mifugo ilitushusha pale mwaka wa arobaini na moja,
sisi Wajerumani wa Volga,
maadui kwa sababu ya lugha tuliyosalia.
Watoto hawakungoja vita viishe. Walizaliwa.
Bibi aliyeyusha theluji jikoni, akaijaribu kwa kiwiko,
akamwaga mara tatu, akitaja Baba, na Mwana, na Roho.
Kisha akashona jina ndani ya bitana ya koti lake.
Majina sitini na moja. Uzi mweupe.
Moja tu, Wendelin, uzi mweusi.

Padre alifika jioni ya Februari, miaka kumi na mitano baadaye,
kwa jina la fundi wa majiko.
Na kweli alilitengeneza jiko, kwanza.
Halafu, masizi yakiwa bado kuchani,
akatoa stola iliyokunjwa ndani ya soksi.

Usiku mmoja, neema ya miaka yote!
Rokhus na Filipina wakafungishwa ndoa,
watoto wao watatu wakisinzia pembeni.
Mzee Kaspar akapakwa mafuta
kutoka kichupa cha dawa ya macho.
Hostia zilikuwa kumi, sisi tulikuwa arobaini.
Kipande changu, kama punje ya mtama, kilinasa jinoni.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliogopa kumgusa Mungu kwa ulimi.

Bibi alibaki wa mwisho.
Aliyomwambia alinisimulia mwenyewe, nilipokuwa mama.
Alivua koti, akaligeuza, akaonyesha uzi mweusi.
"Huyu alikuwa anakata roho, Padre.
Kuni zimekwisha. Maji yameganda.
Nilichota theluji mlangoni, nikamwekea kwenye paji.
Maneno niliyasema yote. Lakini theluji si maji.
Miaka kumi na minne namuuliza Mungu, hanijibu."

Padre hakufungua kitabu. Hakuwa nacho.
Aliuliza: "Mtoto alikuwa na homa?"
"Aliwaka."
"Theluji iliyeyuka?"
Bibi akafumba macho, akarudi kwenye kibanda kile.
"Iliyeyuka. Kidogo.
Ilishuka shavuni mpaka sikioni."
"Basi," akasema Padre, na sauti ikamkatika,
"basi, mama."
Akaomba sindano. Akaomba uzi mweupe.
Mkono uliobariki mkate haukujua kushona;
alijichoma mara mbili.

Leo kanisani pana kisima cha marumaru na maji ya uvuguvugu.
Kitukuu changu amevishwa leso ya Krakovi.
Padre kijana anafafanua vizuri:
ishara inayoonekana, ya neema isiyoonekana.
Sawa. Nimeyakariri hayo.
Ila mimi natazama tone moja
linaloachana na mengine, linashuka shavuni,
linasita, linaingia sikioni,
mtoto anapiga kelele za hasira,
na mimi, kizee mbele ya watu, nasema kwa sauti,
kwa lugha tuliyofukuziwa:
"Iliyeyuka."