Chupa Nyuma ya Redio

Nilifika Kijura kwa pikipiki ya zahanati,
matope ya mashamba ya chai mpaka magotini,
begani chupa tano za maji ya kijani, machungu.
Mimi wa Arua; salamu za Kitooro
bado zilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Bagonza alinidaka kabla sijavua kofia,
mwana wa kwanza, karani wa benki Kampala.
Akanivuta nyuma ya jiko, akanong'ona:
"Sista, mama hajui. Asijue.
Mwambie ni vidonda vya tumbo.
Mwambie mvua zikikatika atapona."

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa safi.
Sikusema ndiyo. Sikusema siyo pia,
na hilo ndilo linalonisuta.

Ndani, Bi Kobugabe amelalia ubavu,
shingo imebaki mishipa na uzi wa shanga.
Dozi wamesimamisha, anasema mkaza mwana:
shangazi kaonya, hiyo ni dawa ya kusindikiza,
aanzaye kuinywa huzikwa Jumamosi.
Chupa wameificha nyuma ya redio.
Siku tatu mama ameuma shuka
asiwaamshe wajukuu.
Pindo limetoboka-toboka kwa meno,
na hao hao walioificha dawa
ndio waliokesha wakimpepea.

Nikapima. Mililita tano. Nikamwinua kichwa.
Tukangoja. Kuku akaingia, akafukuzwa, akaingia tena.
Kisha uso ukaanza kulegea, kunjo baada ya kunjo,
akafumbua macho.
"Wewe nani?"
"Nesi Ezaruku."
"Hilo la kwenu. Empaako yako?"
"Sina, mama. Kwetu hatupeani."
Akacheka, kicheko cha nusu pafu.
"Asiye na empaako huzungumza naye habari za mvua.
Nitakuitaje nikitaka kukuuliza la kweli?"
Akanipima kwa macho kama kitenge cha sokoni.
"Akiiki. Tangu leo Akiiki. Mimi ni Abwooli.
Sasa niambie, Akiiki: ni mwezi huu, au ujao?"

Chuoni waliandika ubaoni, kwa chaki:
mgonjwa ana haki ya kujua.
Hawakuchora mwana aliyesimama dirishani,
kivuli chake kimelala juu ya shuka ya mama.

"Abwooli, siku siijui.
Ila ulezi uliopandwa juzi, watavuna wengine."

Akanyamaza. Akaanza kuhesabu vidole.
Nilidhani siku, kumbe madeni:
elfu ishirini za chama cha wanawake,
jembe la jirani, mbuzi aliyeahidiwa mkwe.
Halafu firinda: maharage yalowekwe leo hii,
yamenywe vizuri, yatiwe samli, siyo mafuta ya duka.
"Na shamba lisiuzwe niende India.
Nilimsikia kwenye simu.
Mwite aingie. Kunidanganya kunamchosha,
huoni alivyokonda?"

Husemwa mficha maradhi kilio humuumbua.
Nyumba ile mgonjwa hakuficha kitu;
wazima ndio waliougua siri.

Bagonza aliingia bila viatu.
Hakusema neno. Alikwenda kwenye redio,
akaitoa chupa, akaifuta vumbi kwa tai yake,
akaniuliza, sauti ya mtoto wa darasa la pili:
"Kila baada ya saa ngapi?"

Alikula firinda mara mbili. Vijiko vitatu, kisha viwili.
Alilala usiku. Aligombana na mkaza mwana kuhusu chumvi.
Alifariki wiki ya tatu, alfajiri,
na ilikuwa, Mungu anisamehe, Jumamosi.

"Si nilisema?" shangazi aliwaambia waliokuja matangani,
kidole kikinielekea.
Sikujibu. Ningejibu nini? Kalenda ilikuwa upande wake.

Tunakutana mara kwa mara njia ya Rutete.
Mkono hanipi mpaka leo.
Lakini mila ni mila: husimama,
hukaza taya, hutazama majani ya chai,
na hunisalimu kwa jina nililopewa.
"Akiiki," husema,
kama anayetema mbegu.