Ukurasa wa Ishirini na Nne

Jitendra aliondoka na sanduku moja.
Akatuachia mpira uliopasuka, kobe asiye na jina,
na kitabu cha picha kisicho na jalada:
mashujaa watano, majambazi saba,
na Kiingereza tusichokijua
kikifuka juu ya vichwa vyao kama moshi wa garimoshi.

Tukawabatiza kwa Kiswahili cha landi za reli.
Mwanamke mwenye nywele za cheche: Mama Radi.
Mnene anayeinua daraja: Bwana Kreni.
Pacha wanaopenya kuta: Opio na Odongo, basi.
Wa tano hakuwa na uwezo wowote tuliouona.
Alisimama nyuma tu, kofia imemfunika macho.
Huyo ndiye kaka yangu Oketcho alimpenda.
"Ngoja," alisema. "Huyu bado hajaanza."

Ukurasa wa ishirini na tatu
genge limewafunga minyororo ndani ya pipa,
pipa refu kuliko kanisa, na saruji inamiminika.
Saruji! Sisi watoto wa Tororo
tuliokohoa saruji kabla ya kutambaa,
tulijua inavyokauka.
Imemfika Bwana Kreni magotini.
Mkuu wa genge anacheka, meno yote thelathini na mawili.
Geuza.
Hakuna.

Nyafwono alikuwa ameuchana, akafungia karanga.
"Karatasi ni karatasi," alisema,
akakunja pembe nyingine, akajaza, akatudai senti.
Mwaka ule hata sabuni ilikuwa hadithi,
nani angelilia karatasi?
Tulinunua karanga wiki tatu.
Tulipata nusu ya goti, tangazo la baiskeli,
alama moja ya mshangao, imelowa mafuta.

Kisha, usiku wa Jumanne, makondo wakaingia landi.
Watano, au sita; mmoja na bunduki,
mmoja na viatu ambavyo raia hauziwi.
Walianzia kwa Wabwire. Tulisikia mlango ukisema yote.
Chini ya kitanda Oketcho alinibana mkono:
"Sasa. Sasa wataanza."

Hakuna aliyeruka. Mabati yalibaki mabati.
Ila mtu fulani, hatujamjua hadi leo,
aligonga kile kipande cha reli penye bomba la maji,
ngaa, ngaa, ngaa,
na baba yangu, mshika ishara wa daraja la tatu,
akatoka na chupi na taa yake ya kazi,
akaigeuza nyekundu.

Naapa walisimama.
Kama treni ya mizigo, kwa mazoea tu labda,
mguu mmoja hewani,
muda wa kuhesabu hadi nne.
Kisha wakaondoka na redio ya Wabwire,
na baiskeli yake,
na jino la mbele la baba.

Asubuhi, ukutani mwa choo,
Oketcho alichora kwa mkaa ukurasa uliopotea:
wa tano amesogea mbele, kofia ameivua,
mkononi ana taa.
Amefumba mdomo. "Anaficha pengo," kaka alinieleza.

Mwaka jana, Kampala, nyuma ya posta,
nilikikuta kitabu kizima ndani ya nailoni,
bei ya mbuzi wawili.
Muuzaji akanifunulia mwenyewe, bila kuombwa.
Ishirini na nne: saruji imefika kifuani.
Mama Radi anachomoa pini ya nywele.
Kufuli linafunguka. Wote wanatoka, wasafi.
Wa tano hayumo.
Nadhani mchoraji alimsahau.

Nilimpigia Oketcho, yuko Mbale siku hizi, fundi mwashi,
nusu ya mji imepita mikononi mwake.
Nikamsimulia. Kukawa kimya,
nikasikia koleo likikwangua nyuma yake.
"Ilifika wapi, umesema?"
Kifuani.
"Pini?"
Pini.
"Haiwezi," alisema. "Wamekudanganya.
Saruji ya kifuani, ndugu yangu,
hata ungekuwa na funguo zote."
Na akawageukia vijana wake, akawafokea
waongeze maji.